Kuni za Mzazi Asiye na Mtoto

Tangu nirudi mnaniuliza swali lile lile, kila mmoja kwa wakati wake: huyu langoni, yule kwenye foleni ya maji, mwingine kanisani katikati ya matangazo. "Sista Igoki, ulikwenda wapi mwezi mzima, na huko ulipewa nini?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila nikitoa kipande kuna mtu anakwenda nacho na kukipika upya. Juzi nimesikia kwamba nilikwenda Meru kuolewa. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Someni, mpeane, na mkimaliza mnirudishie daftari langu.

Majimbo hadi Ishiara

Mnajua kazi yangu: miaka ishirini na miwili katika wodi ya wazazi ya hospitali ya Embu, na nusu ya watoto wanaokimbizana hapa mtaani Majimbo nimewapokea kwa mikono hii. Nisilomwambia mtu ni kwamba usingizi ulikuwa umenihama. Tangu watoto wangu waondoke na baba yao afariki, nyumba ilinyamaza, nami nikilala nabaki nikisikiliza tu, sijui nasikiliza nini. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Nikajiambia ni chai nyingi.

Siku moja saa sita mchana, jua likiwaka, nilivuta dawa kwenye sindano, nikaelekea kitanda cha mama aliyekuwa akinitazama kwa imani yote. Muuguzi mwenzangu alinishika mkono. "Sista, soma chupa." Nikasoma. Haikuwa dawa ya mama yule. Niliketi sakafuni pale pale, mbele ya wagonjwa.

Metroni wetu hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alifunga mlango wa ofisi akasema, "Igoki, chukua mwezi mmoja. Usiende shambani kwako wala kwa watoto wako, huko utafanya kazi, nakujua. Nenda mahali upumzike. Ukirudi utavuta dawa mbele yangu. Mkono ukitetemeka nitakupeleka chumba cha mafaili, na utakaa humo mpaka ustaafu."

Niliogopa. Si chumba cha mafaili peke yake nilichoogopa. Niliogopa kwamba ningerudi, mkono ukatulia dakika moja mbele ya metroni, halafu wiki inayofuata nikaua mtu.

Na shida nyingine ilikuwa kwamba sikujua kupumzika. Msicheke. Likizo iliyotangulia nilipaka jikoni rangi, nikachimba shimo la taka, nikashona mapazia ya kanisa, nikarudi kazini nikiwa hoi. Sasa nilikuwa naambiwa nikapumzike kama mtu anavyoambiwa akanunue chumvi. Nikaandika barua mbili: moja kwa wifi yangu Ciarunji, dada ya marehemu mume wangu, aliye Ishiara, ya pili kwa Kendi wa Muthara, tuliyesomea naye uuguzi kabla hajaiacha kazi akaolewa na kulima. Nikafunga mkoba.

Basi liliondoka Embu asubuhi. Tulipofika Siakago dereva akazima injini, akashuka, akaingia kwa kinyozi. Nilidhani anamsalimia mtu. Kumbe alikuwa ananyolewa, kichwa chote, kisha ndevu, kisha wakaanza kuzungumza habari za shamba. Abiria wenzangu walishuka wakanunua ndizi, wakaketi kwenye nyasi wakapiga soga. Mimi peke yangu nilisimama mlangoni pa kinyozi nikitazama saa.

"Mama, uko na mgonjwa?" dereva akaniuliza, povu limejaa shavuni.

"Hapana."

"Uko na matanga?"

"Hapana."

"Sasa unakimbilia wapi?"

Ningemjibu kwamba nakimbilia kupumzika, lakini hata mimi niliona aibu.

Ishiara, juu ya dungu

Ciarunji alinipokea kituoni, mrefu, mwembamba, jembe begani. Alinizunguka mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Wifi, umeisha! Hapo Embu mnakula nini, karatasi?" Jioni ile alinipa uji wa mawele mzito, uliochachuka vizuri, na ndengu zilizokaangwa kwa kitunguu. Sijala chakula kitamu kama kile tangu niwe mjane, nami nilimwambia hivyo, akafurahi.

Lakini asubuhi, kabla sijanawa uso, watu watatu walikuwa wameketi kizingitini: goti, jino na kikohozi. Nikawatazama. Kesho yake wakawa tisa. Siku ya tatu mtu alikuja kutoka ng'ambo ya mto akiwa na mbuzi anayeharisha, akasema dawa ni dawa. Ciarunji akawaka. "Hii nyumba imegeuka dispensari? Wifi, chukua leso, twende kwa shamba."

Mnaojua Mbeere, huko iliko Ishiara, mnajua dungu. Ambaye hajui, ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mtama, lenye ngazi ya fito na kipaa kidogo cha nyasi. Ukiwa juu unaona shamba zima. Kutoka pale kamba zinatambaa kila upande hadi kwenye makopo yaliyotundikwa. Ukivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka. Una teo na vidonge vya udongo vya kurusha, na una sauti yako. Kazi hii ya kuamia ndege huanza alfajiri. Saa sita jua likikaza ndege wenyewe hukimbilia kivuli, nawe unapumua. Jioni wanarudi, nawe unasimama tena.

Ciarunji alipanda akaketi, akanyoosha miguu yake mirefu, na mbele ya macho yangu uso wake ukabadilika. Mikunjo yote ilishuka. "Wifi," akasema, "hapa ndio mimi napumzika. Miezi yote ya mtama."

"Unapumzika vipi na unafanya kazi?"

"Mtu anaamia ndege haitwi. Haitumwi. Hata salamu anapewa ya mbali. Mzee wangu akikuja hapo chini ananyamaza kama ako kanisa, sababu ndege wakikula huu mtama, ni yeye atalala njaa. Nani mwingine anaweza kuniambia 'lete' nikiwa hapa juu?" Akavuta kamba. Makopo yakalia, kundi la ndege likainuka, naye akapiga ukelele mmoja mrefu, wa furaha kabisa, uliofika hadi kwenye vilima. Nilimwonea wivu dada huyu. Alikuwa amejipatia kiti ambacho dunia nzima haiwezi kumnyang'anya, na alikuwa amekipata ndani ya kazi yake mwenyewe.

Akaniambia na mimi nipige kelele. Ya kwanza haikutoka, ikatoka kikohozi. Miaka yote hii wodini nimezoea kunong'ona. Ya pili ikatoka, ya tatu ikanitoa machozi. Nililia juu ya dungu kama mtoto, na wifi yangu akaendelea kuvuta kamba bila kuniuliza neno, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Lakini kupumzika sikupumzika. Siku yetu ya pili juu ya dungu nilikuwa nimeshaugawa mtama katika sehemu nne na kupanga zamu ya kuvuta kamba, kila sehemu kwa dakika zake. Ciarunji alicheka hadi akashika nguzo. Na siku ya tatu mama mmoja alitokeza chini na mtoto mgongoni, akasimama bila kuinua macho.

"Sista, mimi sikuiti," akasema. "Mimi nasimama tu."

Alisimama vile, kwa adabu zote za pale, mpaka nikashuka. Mtoto alikuwa anaumwa masikio. Niliporudi juu, Ciarunji aliniambia kwa upole, "Wifi, hili dungu ni langu. Wewe enda utafute yako."

Ishiara hadi Meru, pamoja na mbuzi kumi na wanane

Siku ya soko Ciarunji alinikabidhi kwa Bwana Salim, mchinjaji wa Meru mjini anayekuja Ishiara kununua mbuzi. Wamefahamiana miaka mingi. Ni mzee mnene wa wastani, mwenye kofia nyeupe safi hata katikati ya vumbi la mnada. Babu yake upande wa mama alikuja kutoka nchi ya mbali akiwa na jeshi la Wazungu, nyanya yake ni Mmeru wa Imenti, na mwenyewe ukimuuliza kabila anasema yeye ni mtu wa Majengo, mtaa wake pale mjini, basi. Mbuzi kumi na wanane walipanda nyuma ya gari lake, mimi nikapanda mbele, na tukashika njia ya chini kupitia Tharaka.

Tulikwenda vizuri mpaka mto mmoja kabla ya Chiakariga. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani na maji yalikuwa mekundu, yanapita juu ya kivuko yakibeba magogo. Lori la makaa lilikuwa limesimama mbele yetu, na dereva wake anautukana mto kwa lugha tatu.

Bwana Salim alizima gari. Akawashusha mbuzi, akawafunga kwenye vichaka wapate kula. Akatandika mkeka, akatawadha, akaswali. Akakusanya vijiti, akachemsha chai ya tangawizi, akanipa kikombe na kipande cha chapati. Kisha akajilaza ubavu, kofia usoni, na kabla sijamaliza chai yangu alikuwa anakoroma.

Mimi nilikata fimbo nikaisimika ukingoni nipime maji. Nikarudi. Nikaenda tena. Jua lilikuwa linatoboa utosi. Alipoamka kwa sala iliyofuata aliniona narudi na fimbo yangu.

"Umeupima mto mara ngapi, mama?"

"Mara saba."

"Umepungua?"

"Bado."

"Ungepima mara moja tu, ungejua hayo hayo."

Nilikasirika kidogo, kisha nikacheka, na baada ya kucheka nikaketi. Nikamweleza yote: sindano, mikono, metroni. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu usiyemjua hana la kukusemea nyumbani. Alisikiliza akichokora meno.

"Mimi nina bucha mwaka wa thelathini sasa," akasema. "Wakati wa sala nafunga mlango. Mwanzo wateja walinitukana, wengine wakahama. Sikuwakataza. Wako hai, wanakula nyama kwa mwengine. Waliobaki wamezizoea saa zangu. Mara tano kwa siku naweka kisu chini, sista, na kisu hakijawahi kunikata."

"Mimi siwezi kufunga wodi mara tano kwa siku."

"Sijasema ufunge. Mimi napumzika kwa sababu kuna anayeniita. Nikiitwa naenda, sifikirii. Wewe nani anakuita?"

"Wagonjwa."

"Hao wanakuita kazini. Mimi nauliza, nani anakuita uje ukae?"

Nilitafuta jibu hadi mbuzi mmoja akala ncha ya leso yangu.

Alasiri maji yalishuka, lori la makaa likatangulia likayumba, nasi tukafuata nikiwa nimeshika dirisha kwa mikono miwili huku Bwana Salim akivuka kama mtu anayevuka ua wake. Meru mjini tulifika jua likizama. Mkewe, Bi Zainabu, alinipa maji ya kuoga na mchuzi wa mbuzi uliotiwa iliki, hakuniuliza mimi ni dini gani, na asubuhi alinisindikiza mwenyewe hadi gari la Muthara akamwagiza dereva anishushe palepale na si mbele. Watu wale walinitendea wema ambao sikuufanyia kazi yoyote, nami nilikuwa bado sijajua la kufanya na wema wa namna hiyo. Niliwaachia ushauri juu ya shinikizo la damu.

Muthara

Kendi alikuwa kando ya barabara tangu asubuhi, ameisoma barua yangu mpaka mikunjo imechanika. Amenenepa, na sauti yake ni ile ile iliyokuwa ikituponza chuoni. Nyumba yake iko chini kidogo ya soko, katikati ya migomba, na nyuma yake safu za miraa za mumewe, ambazo wanawake hawazigusi. Alinipeleka chumbani, akafunga pazia, akanivua viatu kwa mikono yake, akatoka navyo.

"Kendi, viatu vyangu!"

"Utavipata siku ya kuondoka. Lala."

Nililala nikitazama dari. Nje nilimsikia Kendi akikamua, akipasua kuni, akienda mtoni, akirudi, akipalilia maharagwe. Kila jembe lake lilinichoma. Mara mbili nilitoka pekupeku nikashika ufagio, mara mbili nikapokonywa. Na usingizi? Hakuna. Chumba kilikuwa na kimya kizuri, ndege tu na upepo kwenye migomba, nami nilikuwa macho kama taa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, jirani aitwaye Mama Mwenda alikuja kuomba chumvi. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi kidogo. Aliniona kitandani, mchana ule, mtu mzima, shuka hadi kifuani, na kando yangu kikombe cha uji. Akaona Kendi anachinja kuku. Macho yake yakakua, akatabasamu, akainamisha kichwa, akaondoka hata chumvi ameisahau. Hakuuliza lolote.

Hapa lazima niwaeleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Huko Tigania, eneo lote la Muthara, mwanamke hapatikani kitandani mchana isipokuwa ni mgonjwa sana au amejifungua. Na aliyejifungua haulizwi habari za mtoto na mtu aliyekuja mikono mitupu. Unarudi kwanza, unawaambia wenzako, mnatafuta kuni, mnapika uji, halafu mnakwenda pamoja. Kuuliza kabla ya hapo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Mama Mwenda, kwa sababu ana adabu, hakuuliza.

Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia wimbo. Ulianzia mbali, ukashuka na kijia, ukaingia uani. Nikachungulia. Wanawake kumi au zaidi walikuwa wanakuja kwa mstari, mizigo ya kuni migongoni na kamba zake zimepita kwenye vipaji vya nyuso, wengine na birika za uji zilizofungwa kwa nguo zisipoe, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo mzazi hulishwa ili maziwa yashuke. Walizitua kuni mlangoni kwa kishindo, rundo likafika dirishani. Kendi alisimama na ndoo mkononi, kinywa wazi.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Cucu Nkatha, bibi yao wote na mkongwe wao, amejifunga leso mbili. "Muga," akanisalimu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu kupitia shuka, akatazama huku na huku. "Ako wapi mtoto? Ni msichana ama ni kijana?"

Jamani. Nina miaka arobaini na saba. Nilikuwa nimevaa gauni la kulalia la Kendi linalonizidi mara mbili, pekupeku, nywele hazijachanwa. Kimeru chao na Kiembu changu vinasikilizana nusu, kwa hiyo nikajibu kwa Kiswahili ili pasiwe na shaka.

"Cucu, hakuna mtoto. Sijazaa. Mimi ni muuguzi kutoka Embu. Nimechoka tu."

Wimbo ulikatika uani. Mama Mwenda alijifunika uso kwa leso. Kendi akaanza kueleza kwa Kimeru, haraka haraka, na nilisikia jina la hospitali na neno la kazi, na wanawake wakatazamana, kisha wakalitazama rundo la kuni. Nilielewa tatizo kabla ya kuambiwa. Kuni za mzazi hazibebwi kurudi nyumbani. Anayezirudisha anakitakia mabaya kitanda alichozipelekea. Na hazikuwa na mzazi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Wanawake hawa zaidi ya kumi walikuwa wameacha mashamba yao, wameteremka mlima na mizigo, kwa ajili ya mtu mvivu aliyelala.

Cucu Nkatha hakuinuka. Alifikiri akiwa bado ameushika mguu wangu.

"Umezalisha watoto wangapi?"

"Sijui, Cucu. Ni wengi sana."

"Na huyo mtoto akizaliwa, uji inapelekewa nani?"

"Mama yake."

"Na wewe mwenye kumshika, ulipewa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akawageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Hakuna makosa hapa. Ni uji tu ilichelewa. Washeni moto."

Basi wakawasha. Sijui niwaeleze vipi. Nilinyweshwa uji wa wimbi kutoka birika tatu tofauti, maana kila mwenye birika alitaka nionje lake. Nililishwa njahi zilizopondwa na ndizi mbichi. Nilipomaliza kikombe nikataka kukisuuza, mikono sita ilinizuia. Nikaanza kusema asante, Cucu akanikemea: mzazi hashukuru, anakula. Nikataka kumtazama mama mmoja aliyekuwa anachechemea, akanifukuza. "Leo wewe sio sista. Lala huko."

Wakaketi chumba kizima, wengine sakafuni, wengine mlangoni, wakapiga soga. Walisema habari za mvua, za waume zao, za mwalimu mmoja aliyevunja baiskeli. Halafu Mama Mwenda, ambaye aibu ilikuwa bado haijamtoka, akaniambia, "Sista, usinione mjinga. Mimi nilijua tu, mwanamke akilala mchana ni mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa na watano. Nikachoka, nikachoka, mwili ikakataa. Nikaona hakuna njia ingine naweza lala mchana watu wakiniletea uji. Nikazaa wa sita."

Walicheka wote, mpaka waliokuwa uani. Mama Mwenda pia alicheka. Kisha mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi. Yule wa mwisho." Na mwingine akaitikia. Halafu soga ikarudi.

Mimi sikucheka. Niliwaza wale akina mama wodini wanaong'ang'ania kitanda siku ya kuondoka, wanaosema tumbo bado linauma, kichwa kinazunguka, na mimi naondoa shuka wakiwa wameikalia. "Mama, inuka, kitanda kinangojewa." Nimelisema mara ngapi? Nilitaka kuwaambia wanawake wale jambo hilo, niliombee msamaha, na nikiwa natafuta maneno nikasinzia.

Nililala katikati ya kelele zao. Mtu akaanguka na kiti, nililala. Wakaimba wakiondoka, nililala. Niliamka kesho yake jua limepanda, Kendi ameketi kando yangu ananitazama kifua kama napumua. "Umelala karibu siku nzima," akasema. "Nilitaka kuita daktari."

Na hapo ndipo nilipojielewa. Wodini kelele ni habari njema. Mtoto akilia, mama akipiga mayowe, kila kitu kinakwenda. Mtoto akinyamaza ndipo tunapokimbia. Miaka ishirini na miwili nimefundishwa kuogopa kimya, halafu najilaza ndani ya nyumba isiyo na sauti na kushangaa kwa nini sipati usingizi. Watu wote walioniambia nitafute mahali patulivu walinitakia mema, na wote walikosea. Dungu langu mimi ni wanawake wakipiga soga katika chumba ambamo hakuna anayenihitaji.

Walikuja kwa zamu siku zote zilizobaki, kama kwa mzazi kamili, wawili wawili, na birika. Niliacha kuona aibu siku ya nne. Siku ya sita niliona kijiko kimetulia mkononi mwangu, nikakikazia macho, nikalia tena, safari hii bila dungu. Siku ya mwisho Kendi alinirudishia viatu vyangu, nami nikamfichia vyake. Cucu Nkatha aliletewa kesi hiyo akaikata: uji uliokuwa jikoni ukaenda kwa Kendi, akapiga kelele, akalazwa, na nilipopanda kijia kwenda barabarani niliusikia mkoromo wake.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ya juu, Meru hadi Chuka hadi Embu, siku moja tu, na dereva wetu hakunyolewa popote.

Metroni alinipa chupa na sindano. Nilisoma chupa kwa sauti, nikavuta. Akaniambia nirudie, nikarudia, mara tatu. Mkono ulikaa. Nikamweleza hofu yangu ile ya wiki inayofuata, nikamwomba nikianza kukosa usingizi tena nimwambie mwenyewe bila kungoja sindano, naye asinione nimeshindwa. Akakubali.

Na sasa mnajua kwa nini Jumamosi nisipokuwa zamu nawaita mje kwangu, nawapa chai, kisha naingia nyuma ya pazia nawaacha. Si dharau. Na tafadhali acheni kunong'ona mkidhani mnanisaidia. Semeni kwa sauti, mcheke, mgombane mkitaka.

Wiki ya pili kazini kulikuwa na mama kutoka huko Mbeere, amejifungua mtoto wa saba, salama kabisa, wa kuondoka asubuhi hiyo. Nilipofika kitandani alishika ukingo wa shuka.

"Sista, ni lazima niende leo?"

"Unaumwa wapi?"

Akafikiri, akitafuta mahali pa kusema panauma. Nikamwambia asitafute. Nikachukua faili lake nikaandika: abaki siku mbili, apumzike.

Metroni alipopita kukagua alilisoma, akarudia kulisoma. "Igoki, hii 'apumzike' ni ugonjwa gani?"

"Ni ule uliokuwa wangu," nikamjibu.

Alimtazama yule mama, ambaye tayari alikuwa amelala, kinywa wazi, vichanga wanane wa wodi wakilia kila upande. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akafuta mbili, akaandika tatu.